Saini laki moja, au saini moja

Tangu Rais Félix Tshisekedi aliposema mjini Kisangani, Oktoba 2024, kwamba nchi inahitaji katiba nyingine, habari ya petisio, yaani dai la maandishi lenye saini, haitoki midomoni mwa watu wa Lubumbashi. Ndani ya teksi-basi za Katuba na Ruashi watu wanabishana nani anakusanya saini, nani amekataa kutia yake, na saini 100,000 zitatimia lini. Kisha Septemba 2025 wabunge wakaelekeza petisio za kuwang'oa kwa wakubwa wa Bunge la Taifa, na tarehe 22 ya mwezi huo Vital Kamerhe akajiuzulu uspika. Raia anayetazama mambo hayo kutoka mbali anaondoka na fundisho moja: petisio ni silaha ya wanasiasa, inataka umati, na asiye na umati nyuma yake anyamaze. Naona fundisho hilo ni la uongo, tena lina madhara. Katika katiba hiyo hiyo inayogombaniwa, haki yetu ya kwanza ya kuidai serikali haihitaji saini laki moja. Inahitaji saini moja, na inaitwika serikali wajibu wa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tumeiacha haki hiyo ilale karibu miaka ishirini, na gharama yake tunaiona mahakamani, kwenye uchaguzi na katika mifuko ya watu.

Katiba iliyopigiwa kura ya maoni Desemba 2005 na kutangazwa tarehe 18 Februari 2006 inataja petisio mahali pawili ambapo watu wanachanganya. Ibara ya 218 inaorodhesha wanaoweza kuanzisha marekebisho ya katiba: Rais wa Jamhuri, serikali, nusu ya wajumbe wa kila baraza la Bunge, na wananchi 100,000 watakaopeleka petisio kwa mojawapo ya mabaraza hayo. Hiyo ndiyo namba inayozungumzwa mitaani. Lakini kabla ya kufika huko, ibara ya 27 inasema kila Mkongomani ana haki ya kupeleka petisio kwa mamlaka ya umma, awe peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka hiyo itamjibu ndani ya miezi mitatu. Inaongeza kwamba hakuna mtu atakayeshtakiwa, kwa namna yoyote ile, kwa sababu ya kuchukua hatua hiyo. Tazama ilivyo nyepesi: haidai chama, wakili, uanachama wa shirika wala kibali cha gavana. Haisemi mamlaka ipi, kwa hiyo ni zote, kuanzia ofisi ya komini hadi ikulu. Haisemi jibu liwe zuri. Inataka jibu tu, na inataka tarehe. Wale walioiandika walikuwa wametoka katika vita, na nadhani walijua kwamba ukimya wa serikali ulikuwa umewafundisha watu wengi kutafuta majibu kwenye mtutu wa bunduki.

Mji huu unayo kumbukumbu ndefu ya kile kinachotokea pale dai linapochukuliwa kama uasi. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, wakati huo mji ukiitwa Élisabethville. Gavana Amour Maron akaja akawaamuru warudi kazini. Walipokataa, risasi zikapigwa, na makumi ya watu wakafa, akiwemo msemaji wao Léonard Mpoyi. Wale watu walitaka jibu kuhusu mshahara wakati bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa ajili ya vita vya wengine. Miaka karibu arobaini baadaye, tarehe 1 Novemba 1980, wabunge kumi na watatu, miongoni mwao Gabriel Kyungu wa Kumwanza wa hapa Katanga, walimwandikia Mobutu barua ya wazi yenye kurasa 52. Walilipwa kwa kufungwa na kufukuziwa vijijini. Kutoka kwa barua hiyo kikazaliwa chama cha UDPS, Februari 1982. Chama kinachotawala leo mizizi yake ni petisio, na ningependa kila waziri wa chama hicho alikumbuke jambo hilo anapoletewa bahasha ya raia mezani.

Kuna wakati mtawala wa nchi hii aliomba mwenyewe kuandikiwa. Januari 1990 Mobutu alitangaza mashauriano na wananchi, akapokea memo, yaani barua za maoni na madai, 6,128. Nyingi kati yake hazikuomba barabara wala dawa, ziligusa mfumo wenyewe wa utawala. Tarehe 24 Aprili alisimama N'Sele akatangaza mwisho wa chama kimoja. Wiki tatu hazikupita, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi wakashambuliwa na kuuawa katika kampasi ya Kasapa hapa Lubumbashi. Nayaweka matukio haya mawili pamoja kwa makusudi. Anayesema karatasi haibadilishi kitu Kongo amesahau Aprili, na anayesema karatasi peke yake inatosha amesahau Mei.

Mfano ulio karibu zaidi na nyumba zetu ni ule wa wazee wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kampuni iliyotoa takriban tani 476,000 za shaba mwaka 1986 ilianza kuporomoka baada ya mgodi wa Kamoto kubomoka Septemba 1990, na ilipofika mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 waliondolewa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Wengi walikuwa wanadai mishahara ya miaka, na walichopewa walikiona hakilingani na kazi waliyofanya. Baba yangu mdogo ni mmoja wao. Anatunza faili la barua ambazo yeye na wenzake waliziandika kwa ofisi hii na ile, na nilipolipitia nilisikitishwa na jambo moja: ni chache mno zenye nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ziliandikwa kwa Kifaransa kizuri, zikapelekwa kwa mkono, zikaachwa kwa katibu, zikaisha. Kinyume chake, mwaka 2009 kundi la wafanyakazi hao wa zamani lilipopeleka malalamiko kwa jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia huko Washington, malalamiko yaliandikishwa, yakapewa namba, na benki ikalazimika kuyajibu kwa maandishi. Jibu hilo halikuwarudishia haki yao. Hata hivyo linauma: mzee wa Lubumbashi alipata utaratibu wa kusikilizwa kwa benki ya kigeni ambao hakuupata kwa serikali yake, ingawa katiba ya serikali yake ilimwahidi.

Kwa hiyo, inakwama wapi? Lawama ya kwanza ni ya serikali, na sitaipunguza. Ibara ya 27 inaweka miezi mitatu lakini yenyewe haisemi nini kitampata kiongozi atakayekaa kimya, na ofisi nyingi zimeishi ndani ya pengo hilo kwa raha. Lakini kuna sehemu yetu pia. Memo zetu nyingi zinaandikwa kwa Rais wa Jamhuri, zinagusa kila kitu kuanzia usalama hadi umeme wa SNEL, zinaweka madai kumi na tano, na mwisho zina orodha ya nakala kwa balozi, maaskofu na waandishi wa habari. Barua ya namna hiyo inasomwa redioni siku moja. Hakuna ofisa hata mmoja anayeweza kusema: hili ni langu, nalijibu. Barua yenye swali moja, kwa ofisi moja iliyopewa kazi hiyo na sheria, yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa, ina nguvu ya aina nyingine. Baada ya siku tisini ukimya wa ofisi hiyo unakuwa ushahidi ulioandikwa, na ushahidi huo unaweza kwenda kwa mbunge, kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, kwa jaji, na kwa wapiga kura.

Wanaopinga wana hoja, na hazilingani uzito. Iliyo nzito kuliko zote inatoka kwa vijana: leta, yaani serikali, ya Kongo haijawahi kusikia mpaka ibanwe, kwa hiyo ville morte, mgomo wa kufunga mji mzima, ya siku moja inafanya kazi kuliko barua mia. Naiheshimu hoja hii kwa sababu wanaoisema wameilipia. Harakati ya LUCHA ilizaliwa Goma mwaka 2012 ikidai mambo ya kawaida kabisa, maji ya bomba na kazi. Tarehe 16 Februari 2016 vijana wake sita walikamatwa alfajiri wakiandaa mabango ya ville morte, wakafungwa kwa kosa la kuchochea uasi. Siwezi kuwaambia watu hao wawe na subira. Ninachosema ni kwamba barua na barabara havipingani. Maandamano yanayofuata siku tisini za ukimya uliothibitishwa ni magumu kuyaita fujo, maana aliyevunja katiba kwanza anajulikana kwa jina la ofisi yake na kwa tarehe. Hoja ya pili ni kwamba petisio zinatekwa: viongozi wa vyama vya kikabila wanakusanya saini za watu wasiojua walichosaini, kisha wanazipeleka sokoni kutafutia vyeo. Hilo hutokea, na katika Katanga yetu, tunakojua uhasama wa kikabila ulivyotuumiza miaka ya 1992 na 1993, si jambo dogo. Dawa yake iko ndani ya ibara yenyewe. Petisio ya mtu mmoja haina wa kuiteka.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi: kwamba nchi iko vitani, na anayeidai serikali wakati huu anampa adui nguvu. Ibara ya 27 haina sentensi inayosema isipokuwa wakati wa vita. Zaidi ya hapo, vita vyenyewe vinatumia ukimya wa serikali kama kuni. Makundi yenye silaha yaliyoingia Kivu mara nyingi yalianza hotuba zao kwa kuorodhesha madai ambayo raia waliyatoa na hayakujibiwa, kisha yakajifanya wasemaji wao. Serikali inayomjibu mwalimu wa Masisi, huko Kivu Kaskazini, hata kama jibu ni hapana na sababu zake, inamnyang'anya mwenye bunduki sehemu ya hotuba hiyo. Inayomwita mwalimu huyo msaliti inamwongezea aya.

Na tuitazame Kivu yenyewe, maana hapo ndipo haki hii inapojaribiwa kwelikweli. Kundi la waasi la M23 liliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari. Benki za Goma zilifungwa, na Kinshasa imeshikilia msimamo kwamba fedha zisipite katika mji ulio mikononi mwa waasi. Msimamo huo una mantiki: hakuna serikali inayopenda kujaza sanduku la anayeipiga. Lakini uzito wake umeangukia watu wasio na silaha. Mwenye akiba yake benki hawezi kuigusa. Mwalimu na muuguzi wanategemea pesa za simu, na anayetaka noti mkononi anakatwa sehemu yake na mtoa fedha. Wengine wanavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kutafuta benki. Mama anayeuza unga soko la Virunga mjini Goma au la Kadutu mjini Bukavu analipa vita hivi kila siku kwa mtaji wake unaopungua. Wanaoshika miji hiyo leo hawakuchaguliwa na mtu, nao wana hesabu yao ya kutoa kuhusu kodi wanazotoza na watu waliopotea. Lakini kwa Kinshasa swali ni la kikatiba na halikwepeki. Ikiwa Goma na Bukavu ni ardhi ya Jamhuri, kama tunavyosema sote na kama azimio 2773 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la Februari 2025 lilivyosisitiza, basi anayeishi huko ni raia aliye na miezi yake mitatu. Ana haki ya kuuliza Benki Kuu ya Kongo: akiba yangu nitaifikia kwa njia gani, na lini?

Najua kikwazo. Kutia saini barua kwa Kinshasa ukiwa Goma kunaweza kukugharimu maisha, na sitamwomba mtu afanye hivyo kutoka kwenye meza yangu hapa Lubumbashi. Ndiyo maana nasisitiza saini moja. Katiba haisemi mwenye petisio aishi wapi, wala haimlazimishi aambatanishe majina ya wengine. Mji huu una watu wengi wenye ndugu Kivu, na wengine walikimbilia hapa na watoto wao. Mmoja wao mwenye akaunti iliyofungwa anaweza kuandika peke yake, kwa jina lake, kuhusu akiba yake, akapeleka barua kwenye ofisi ya Benki Kuu iliyopo Lubumbashi na kudai muhuri. Jibu atakalopewa litawahusu maelfu ambao hawakuhitaji kujitokeza. Umati wa saini laki moja hauwezi kuwakinga watu namna hiyo.

Kwenye haki ya kupiga kura, ukimya umekuwa mrefu zaidi. Desemba 2018 watu wa Beni, Butembo na Yumbi waliambiwa wangepiga kura Machi 2019, wakati Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari. Huko Beni wananchi walijipanga kwenye mistari tarehe 30 Desemba wakapiga kura yao wenyewe ya mfano, karatasi na masanduku ya kujitengenezea, kuonyesha kwamba inawezekana. Tarehe 20 Desemba 2023 ikawa zamu ya Rutshuru na Masisi, pamoja na Kwamouth upande wa Mai-Ndombe. Usalama ulikuwa mbovu kweli, na tume ya uchaguzi CENI haiwezi kupeleka mashine mahali ambapo hata jeshi halifiki. Hata hivyo kuna maswali ambayo hayahitaji amani ili yajibiwe. Mkimbizi wa ndani kutoka Masisi anayeishi Lubumbashi au Kisangani ataandikishwa wapi kwa uchaguzi ujao, na kura yake itahesabiwa kwa jimbo lipi? Kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chetu kwa vitendo: bila hiyo laini ya simu, kupokea pesa na kupita kizuizi cha barabarani vinakuwa taabu. Aliyerukwa na uandikishaji amerukwa mara mbili. Uchaguzi mkuu unatarajiwa mwishoni mwa 2028. Barua ikipelekwa CENI sasa, jibu litakuja wakati bado kuna nafasi ya kulirekebisha. Ikipelekwa 2028 itakuwa malalamiko tu.

Hapa kwetu kuna kazi iliyo karibu na isiyo na hatari hiyo. Mwanzoni mwa Novemba 2025 maji machafu ya kampuni ya Congo Dongfang Mining yalivunja kingo yakaingia mitaani Lubumbashi, na waziri wa madini Louis Watum akasimamisha shughuli zake. Kusimamisha ni hatua. Lakini mwenye kisima anataka kujua kama maji ya kisima chake yalipimwa, na matokeo yako wapi. Hilo ni swali la mtu mmoja, kwa ofisi moja, na miezi mitatu inatosha kabisa. Vivyo hivyo kuhusu fedha. Kanuni ya madini ya Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa mkoa, asilimia 15 kwa mji, komini, sekta au uchifu wenye mgodi, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia 15 ile inaingia katika ofisi unayoweza kuifikia kwa miguu. Imeingia kiasi gani mwaka jana, na imefanya nini? Sihitaji kuwa mwanasheria kuuliza, wala burugumesta, mkuu wa komini, hahitaji kumpigia simu mtu Kinshasa ili anijibu. Madiwani wa komini tuliowachagua Desemba 2023 wangeanzia hapo, kwa kuweka daftari la wazi la petisio zinazoingia, na tarehe ya mwisho ya kujibu kila moja. Daftari na muhuri havihitaji mfadhili.

Narudi kwenye saini laki moja, maana mjadala wa katiba hautaisha kesho. Watu wengi wanajua ibara ya 220 kwa sababu inalinda idadi na urefu wa mihula ya Rais. Wachache wanakumbuka kwamba ibara hiyo hiyo inakataza marekebisho yoyote yanayolenga kupunguza haki na uhuru wa mtu, na kwamba miezi mitatu ya ibara ya 27 iko chini ya ulinzi huo. Katiba mpya kabisa haifungwi na makatazo ya ile ya zamani. Anayetuletea karatasi ya kusaini, iwe ya kubadili au ya kupinga, atuambie kwanza ibara ya 27 itakuwaje katika anachokitaka: je, muda wa kujibu utabaki, utaongezwa adhabu kwa ofisa anayenyamaza, au utafutwa? Na kama hajui, tumwandikie, tukae na nakala yetu yenye muhuri, na tuanze kuhesabu.